Sanduku la Kuchanganyia Dawa ya Pamba

Mume wangu alipoteza pumzi zake kidogo kidogo, na iliyozichukua ni dawa ya pamba. Tulikuwa tumehamishwa kutoka Bugwema kuja kwenye kijiji cha ujamaa upande wa Bunda, tukakuta shamba la kijiji limekwisha kulimwa na kazi zimekwisha kugawanywa. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Kazi iliyobaki ilikuwa ile ambayo wenyeji hawakuitaka, ya kuchanganya dawa ya kuulia wadudu, akapewa yeye.

Dawa ilikuja kwenye mifuko, unga laini kuliko unga wa muhogo. Aliumimina kwenye beseni la maji, akaukoroga kwa mti, wapuliziaji wakajaza bomba zao wakaenda shambani. Upepo wa ziwani ukivuma, nusu ya unga ule haikufika majini, ilimwingia yeye. Jioni alirudi ametota jasho la baridi, mikono inatetemeka, kikombe cha uji kinagonga meno. Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kijiji nikamweleza. Akanijibu kwamba kila kazi ina taabu yake. Nilimchukia mtu yule, na umri huu wote sijaona sababu ya kuacha.

Nikaamua kutengeneza sanduku. Wazo nililipata Musoma, hospitalini, dada yangu alipojifungua mtoto njiti. Walimlaza ndani ya sanduku lenye kioo, na muuguzi alimhudumia kwa kupitisha mikono kwenye matundu mawili, mlango haufunguliwi. Nilisimama pale nikawaza: kama sanduku linaweza kumkinga mtoto na sisi, basi laweza pia kumkinga mtu na kilichomo ndani.

Mimi ni binti wa fundi mitumbwi. Shule sikukaa sana, lakini nyundo naijua. Dukani nilipata sanduku la mbao lililoletewa majani ya chai. Kioo nilikitoa kwenye kabati letu la vyombo, nikakipachika kwa juu, kimeinama kidogo ili mtu aone anachofanya. Mbele nikatoboa matundu mawili. Nikakata tyubu ya tairi la lori kuwa mikono mirefu, nikaibana kwenye matundu kwa vipande vya bati, na kwenye ncha zake nikagundisha glavu za zahanati kwa solusheni ya viraka vya baiskeli. Ubavuni niliweka kimlango cha kuingizia mfuko na maji, na chini mpira wa kutolea dawa iliyokwisha kuchanganywa. Nyufa zote nilizikalafati kama baba alivyokalafati mitumbwi, kwa pamba iliyochovywa kwenye mafuta, unaisindilia kwa patasi mpaka mbao ilie. Nililimwagia maji, halikuvuja hata tone.

Lilifanya kazi. Mume wangu aliingiza mikono, akafungua mfuko ndani kwa ndani, na unga ukaruka ukaishia kwenye kioo. Jioni ile alikula ugali akamaliza. Wiki zilizofuata usingizi wake ukarudi, nami nikasikia raha ambayo sikuwa nimeisikia tangu Bugwema.

Kilichotuponza ni kwamba watu walilipenda. Wakaliita mashine. Na kijijini kwetu wakati ule, kitu kikishaitwa mashine, lazima kiwe cha wote na kiwe na mtu wake. Ukaitishwa mkutano.

"Zamani kila kitongoji kilikuwaga kinachanganya chenyewe," mwenyekiti alisema. "Sasa tuna mashine, na ndugu yetu huyu ndiye anaijuaga. Dawa yote ipitie kwake. Vitongoji vyote."

Watu wakapiga makofi. Nilisimama nikasema sanduku nililitengeneza kupunguza dawa kifuani mwake, sio kumwongezea, na mtu yeyote mwenye mikono miwili angeweza kulitumia kwa zamu. Mwenyekiti akasema shemeji amesikika. Kikao kikafungwa.

Nyumbani nilimgeukia mwenyewe. Nilitegemea atakuwa amekasirika kama mimi.

"Mama," aliniambia, "hawa walikuwaga wananiita mtu wa kuja. Leo wananiita mtaalamu. Unataka nirudi kuwa mtu wa kuja?"

Uso wake ulikuwa na furaha, na furaha ile iliniudhi kuliko makofi ya mkutano.

Sanduku likaanza kuzungushwa kwenye mkokoteni wa ng'ombe, kitongoji hadi kitongoji, kwenye njia ya mawe na makorongo. Haikuchukua muda kioo kikapasuka chote. Kioo kilivunjika, lakini cheo hakikuvunjika nacho. Mifuko ya dawa iliendelea kurundikwa mlangoni kwetu, ya vitongoji vyote.

Nikaenda kutafuta kioo kingine. Duka la ushirika Bunda lilikuwa na viberiti na majembe yasiyo na mipini. Kule Manyamanyama fundi seremala alinicheka, akasema yeye hata misumari ananyoosha ya zamani. Ikabidi niende Musoma, kwa dada yangu anayekaa mtaa wa Makoko. Kabla sijaondoka nilimwambia mume wangu asiguse unga ule mpaka nirudi.

"Sigusi," alisema.

Dada hakuniuliza maswali mengi. Alimwita mumewe, wakang'oa kioo cha dirisha la chumba chao, wakaziba pale kwa kadibodi. Nilirudi na lori la mizigo, kioo nimekifunga kwenye blanketi na kukipakata njia nzima.

Nilipofika, uwanja wetu ulikuwa umejaa watu. Bwana shamba alikuwa amepita akasema funza wameingia kwenye vitumba, na tena kuna wageni wa serikali wanapita kwenda Butiama, aibu ilioje wakute pamba imeliwa kando ya barabara. Wakamwomba mtaalamu. Alichanganya ya vitongoji vyote, kwenye beseni, mikono mitupu.

Alikuwa amelazwa kwenye mkeka, mwili unaruka wenyewe. Majirani walikuwa wakimnywesha maziwa. Kwa wafugaji kila mtu anajua kwamba maziwa huvunja sumu, na nyumba hadi nyumba walileta, mengine bado ya moto kutoka kiwele, yamejaa mafuta. Mke wa mwenyekiti ndiye aliyekishika kichwa chake. Nilikaa nikapokea kibuyu, nikamnywesha na mimi. Aliyanywa yote, akaniuliza kama kioo nimepata. Nikamwambia nimepata.

Tulimpeleka zahanati Bunda kwenye mkokoteni uleule. Mganga alinusa shati lake, akaniuliza tumempa nini. Nikasema maziwa. Akaniuliza kiasi gani. Nikamwambia mengi, kijiji kizima kimeleta.

"Hii dawa inapendaga mafuta, mama," alisema polepole. "Ikikuta maziwa inaingia mwilini haraka. Bora mngemwacha na maji."

Alifariki kabla hatujapata gari la kumpeleka Musoma.

Siku ya kuanua tanga walikuja wote, na mwenyekiti akiwemo. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia yaliyo moyoni, maneno nilikuwa nayo na hayakuwa ya adabu. Lakini mkewe alitangulia kuongea. Alinishika mikono yote miwili, machozi yanamtoka.

"Shemeji, Mungu anajua tulijitahidi," alisema. "Mimi nilikamua mpaka ndama wangu akalala njaa. Hakuna nyumba haikuleta."

Wote wakaitikia kwamba ni kweli, walileta. Niliwatazama mmoja mmoja. Nikasema, "Asanteni."