Darubini Iliyochelewa Kufika Ilula

Tangu utotoni Kasian Kikoti alikuwa na siri ambayo hata mama yake mzazi hakuijua: jua likishazama, hakuona kitu. Wenzake pale kijijini, ng'ambo ya Nyololo, waliona njia na mbuzi na sura za watu hata usiku usio na mwezi. Yeye aliona weusi mtupu, kama mtu aliyefunikwa blanketi. Kwa muda mrefu alidhani binadamu wote wako hivyo, ila wengine ni hodari zaidi wa kupapasa. Siku alipogundua kwamba wenzake wanaona kweli, alishikwa na aibu, na tangu hapo akawa fundi wa kuficha.

Akiambiwa afunge zizi, alilifunga jua likiwa bado juu. Wakirudi na mifugo wakachelewa, alimshika mbuzi mkia akijifanya anamswaga, kumbe mbuzi ndiye anayemwongoza. Kwenye misiba na harusi aliwahi mahali pake kabla ya magharibi, akakaa hapo mpaka kuche. Wazee walimsifu kuwa ni kijana mtulivu.

Mdogo wake, Eveline, alizaliwa na macho yaleyale, ila hakujaliwa ujanja. Alivunja vyungu, alikanyaga vifaranga, alimwaga maji aliyotoka kuyateka kwa taabu. Mama yao, Faustina, mjane aliyelea watoto kwa jembe na fimbo, aliamini binti yake ni mvivu na mwoga wa giza, akamchapa kwa yote mawili. Kwenye matanga ya bibi yao Eveline alitumwa kupeleka birika la chai kwa wazee waliokuwa wanaota moto uani. Alipita katikati yao moja kwa moja, akatia mguu kwenye makaa. Watu walicheka kwanza, kisha wakanyamaza walipoona ameungua.

Kasian alikuwa amekaa ukutani, karibu kabisa. Alisikia kicheko, akasikia kilio. Alijua kilichomtokea dada yake kuliko mtu yeyote pale uani. Lakini alihofu kwamba akisema "huyu haoni", mtu atamuuliza amejuaje. Akakaa kimya. Mguu ulipopona, Eveline akabaki na jina la utani, Mzembe, nalo likamfuata hadi alipoolewa.

Aliolewa Ilula, na mkulima wa nyanya aliyeitwa Anord. Ilula kiangazi maji ya mfereji hugawanywa kwa zamu, na zamu nyingine huangukia usiku. Eveline akipewa zamu hiyo alifungulia maji upande usio wao, au aliziba pasipotakiwa, na asubuhi miche ya jirani imelowa na yao imenyauka. Anord si kwamba alikuwa mtu mbaya. Alivumilia, akaonya, akaita wazee. Wazee wakamhoji Eveline, naye hakujua aseme nini, maana hata yeye hakuwa na jina la kitu kilichomsibu. Mwishowe Anord alisema hawezi kuishi na mwanamke anayelala shamba likikauka. Akahamia Usangu akaoa mwingine. Eveline akapanga chumba na stoo ndogo, akafungua genge la nyanya kando ya barabara kuu, akiwauzia abiria wa mabasi mchana.

Habari hizo zilimfikia Kasian akiwa ameshaajiriwa kwenye shamba binafsi la miti karibu na Nyololo. Alikuwa mtunza stoo: misumeno, mafuta, mabuti, makoti ya mvua. Kazi ya mchana, kama alivyotaka. Alikuwa ameoa Rozalia, na Rozalia ndiye mtu pekee aliyeambiwa siri hiyo, ya kwake na ya Eveline, kwa kuwa mke hafichwi jambo la namna hiyo. Wakirudi jioni kutoka sala za jumuiya alimshika mumewe mkono, na waliokutana nao njiani walisema wale wawili wanapendana sana. Walipendana, lakini sababu ya mkono haikuwa hiyo.

Wezi wa magogo walipozidi, shamba likanunua darubini ya usiku, ile ya kuvaa kichwani ili kuona gizani. Akaletwa mwanajeshi mstaafu kutoka Iringa mjini, jina lake Isaka, kuwafundisha walinzi. Kasian aliitwa kwenye mafunzo kwa sababu ndiye angeihifadhi darubini hiyo stoo. Isaka alikuwa mpole, lakini kwa kile kifaa hakuwa na mzaha. Mkanda ubane kichwa bila kuumiza, alisema. Sogezeni mirija miwili mpaka miduara miwili mnayoiona iwe mmoja. Zungusheni kwanza vioo vya machoni mpaka picha itulie, ndipo mguse vya mbele, kwa umbali wa kitu mnachokitazama. Msiiwashe mchana vifuniko vikiwa wazi, wala kuikodolea taa za lori, kwa kuwa mwanga mkali unaiunguza ndani na haiponi. Vumbi lipeperushwe kwa brashi laini kabla ya kupangusa, la sivyo kitambaa kitakwaruza kioo. Ikitoka kwenye ukungu iachwe ikauke kabla ya kuingia sandukuni. Na betri zitolewe zisije zikavujia ndani.

Baada ya maelezo walifunga mlango wa stoo na kuziba dirisha kwa magunia, kila mtu ajaribu. Zamu ya Kasian ilipofika alivalishwa, akaambiwa abonyeze swichi. Akaona. Kila kitu kilikuwa cha kijani, kama mtu anayetazama ndani ya maji ya bwawa, lakini aliona: rafu, magaloni, kamba iliyoning'inia, vidole vyake mwenyewe. Isaka akamuuliza kama picha imetulia. Akajibu imetulia. Alisimama akigeuza viganja vyake juu chini hadi Isaka akamuuliza kama anaumwa kichwa.

Wiki hiyohiyo aliomba kuhamia zamu ya usiku. Msimamizi alishangaa, maana watu huomba kuitoka, si kuiingia. Lakini akakubaliwa, na kwa miaka iliyofuata hapakuwa na mlinzi aliyemfikia. Jailos, mwenzake wa doria, alilalamika kwamba kile kitu kinamvuta shingo na kumtia kizunguzungu, akawa anakivua kila baada ya muda mfupi. Kasian hakukivua. Alifunga kitu kizito kidogo nyuma ya mkanda ili kifaa kisimlemee mbele. Jailos akiomba kukijaribu, Kasian alimwambia betri zinakaribia kuisha, au kioo kina ukungu. Jailos alicheka akasema jamaa ameoa mke wa pili.

Kitu asichomwambia mtu ni kwamba katika doria ya kwanza aliinua uso juu ya misonobari, akaona nyota. Alikuwa amezisikia shuleni na kanisani. Alikuwa mtu mzima, baba wa mtoto, na hakuwa amewahi kuziona.

Alipomsimulia Rozalia, mkewe alifurahi naye, halafu akasema mpelekee Eveline ajaribu. Kasian akajibu kwamba ni mali ya shamba. Rozalia akasema basi mwombe msimamizi, mweleze. Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kueleza kungekuwa kusema kwamba mlinzi wao bora, akivuliwa darubini, hawezi kuliona lango. Akasema ataangalia. Krismasi ikapita, ikapita nyingine. Kila Eveline alipotuma salamu na tenga la nyanya, Rozalia alimtazama mumewe, naye akasema mvua zikikatika atakwenda. Baadaye Rozalia aliacha kusema.

Miaka ikasogea hivyo. Shamba likapata kamera mpya zinazoona joto la mwili, na ile darubini ikawekwa kando. Msimamizi alimkabidhi Kasian mbele ya wenzake, akasema hajapata kuona kifaa kilichotunzwa namna ile, akae nacho. Wakapiga makofi. Sasa hakuwa na kisingizio. Asubuhi ya pili alilifunga sanduku ndani ya sweta, akapanda basi la kwenda Ilula.

Alimkuta Eveline gengeni. Alisema "kamwene", salamu ya kwao, na Eveline akageuka kuifuata sauti, akatabasamu pembeni kidogo ya pale aliposimama. Alikuwa anapanga nyanya kwenye visado, vile vindoo vya kupimia, akizibonyeza moja moja kwa kidole gumba na kuweka laini upande wake. Mteja akimpa noti aliipapasa pembe, akaikunja. Kasian alisimama akitazama mikono ile, akahofu amechelewa, lakini akajipa matumaini. Akamwambia amemletea kitu, waingie stoo.

Stoo ilijaa matenga. Alifunga mlango akaziba nyufa kwa kanga. Kisha akafanya kila kitu kama Isaka alivyomfundisha. Alipangusa vioo. Alitia betri. Alimvalisha dada yake mkanda, akausogeza taratibu asimvute nywele, akasogeza mirija mpaka ikamkaa machoni. Akawasha.

"Unaona nini?"

Eveline aligeuza kichwa huku na huku kama mtu anayejitahidi asimvunje mwenzake moyo. Akasema labda kuna weupe kidogo, kama asubuhi. Kasian akazungusha vioo vya machoni. Akazungusha vya mbele. Akabadilisha betri. Eveline akamshika kifundo cha mkono.

"Acha, kaka. Sioni. Hata mchana siku hizi naona kwa shida. Hiki ni kitu gani?"

Akamweleza. Na kwa kuwa hapakuwa na namna ya kukieleza kile kifaa bila kujieleza mwenyewe, akasema yote: mkia wa mbuzi, ukuta wa msibani, mkono wa Rozalia, doria, nyota. Nje basi lilisimama na wachuuzi wakalikimbilia wakinadi, lakini Eveline hakutoka.

"Ulijua tangu lini?" akauliza.

"Tangu tukiwa wadogo."

"Na siku ile ya mguu?"

"Nilijua."

Eveline alifungua mkanda mwenyewe, akampa darubini kwa mikono miwili, polepole, kama anayeogopa kuivunja.

"Mimi nilidhani ni mimi tu," akasema. "Maisha yangu yote nilidhani ni mimi tu."

Hakupaza sauti, wala hakulia. Alitoka akaendelea kupanga nyanya zake, na jioni alimpikia kaka yake chakula kama mgeni yeyote.

Kasian alimpeleka kliniki ya macho Mbeya. Daktari, mama mmoja mtaratibu, aliwapima wote wawili. Akasema ugonjwa ni wa kurithi, unakula ukingo wa macho kwanza na katikati baadaye. Kwa wengine huenda haraka, kwa wengine polepole. Kasian akauliza kama dada yake angewahishwa angepona. Daktari akasema hapana, dawa ya kuuzuia hawana. Kisha, bila kujua uzito wa anachokisema, akaongeza kwamba darubini ya namna ile ingemfaa sana miaka ya nyuma, alipokuwa bado na kitovu cha macho kizima. Angeweza kufanya kazi zake za usiku kwa miaka mingi tu.

Njia nzima ya kurudi, hadi Makambako na kuipita, Kasian alikuwa anaifikiria mifereji ya Ilula.

Aliporudi alimwambia msimamizi ukweli, akahamishiwa kwenye kitalu cha miche. Mwanawe Fred, fundi seremala wa Mafinga, alipoambiwa alikiri kwamba jioni huwa anajigonga kwenye mbao. Kasian akamfundisha kuivaa na kuitunza ile darubini, akamwachia. Jailos naye akaelezwa. Yote hayo yalifanyika upesi, kwa wiki chache, na Kasian alishangaa jinsi yalivyokuwa mepesi.

Kwa Eveline haikuwa hivyo. Alimpokea kila alipokwenda, alimuulizia Rozalia, alimpa nyanya za kupeleka nyumbani. Lakini habari ya utoto hakutaka iguswe. Mara moja tu alisema ana ombi.

"Mwambie mama," alisema. "Mimi nikimwambia, ataona najitetea."

Mama Faustina alikuwa bado hai, amezeeka sana, na kila alipomtaja binti yake wa Ilula alianza na lile jina la zamani. Kasian alimkuta anaota jua mlangoni, akiwa na ungo wa maharage mapajani. Akapiga magoti, akamweleza tangu mwanzo. Mama aliacha kuchambua. Alimuuliza swali moja tu, kama Eveline naye alikuwa hivyo tangu anazaliwa. Kasian akasema ndiyo.

"Basi nilimpiga bure," mama akasema.

Alikaa na ungo wake pale mpaka jua lilipouacha mlango. Kesho yake aliomba apelekwe Ilula, na njiani kila basi liliposimama aliuliza kama wamefika.