Tofali Ndani ya Kompyuta ya Mzee Chirau

Mzee Chirau akikuhadithia habari hii atakwambia ilikuwa mwaka wa 2022. Kisha atajikuna kisogo na kujirudi: la, 2022 ulikuwa mwaka wa uchaguzi, na mwaka ule hapakununuliwa kitu, watu walikuwa wakila ahadi. Basi ni 2023, mwaka wa mvua ile iliyoangusha mnazi wa nyuma ya choo. Shika huo.

Chirau ni mtu wa Milalani, kando ya Msambweni, na kazi yake tangu ujana ni nazi. Huzunguka kwa miguu shamba hadi shamba, leo Gazi, kesho Mwabungo, keshokutwa umsikie yuko Mkongani, akinunua nazi na kumuuzia mwenye lori. Shule hakukaa sana. Lakini mpe nazi: ataipima mkononi, ataigonga kwa kifundo cha kidole, ataitegea sikio, na atakwambia kilichomo ndani kana kwamba aliwahi kulala humo. Kwa nazi hajakosea hata mara moja. Ndiyo maana kwa kompyuta alikosea.

Kompyuta ilitakiwa na mjukuu wake, Cynthia, aliyekuwa akiishi naye pamoja na bibi yake, Dama. Cynthia alikuwa ameona kazi ya mtandaoni, ya kusikiliza sauti za wageni wakizungumza Kiingereza na kuyaandika waliyoyasema. Jaribio la kazi lilikuwa Jumatatu, na kwa simu halikubaliki. Asipopata kompyuta, angekwenda Nyali kwa shangazi yake akasimamie duka. Mkoba wake ulikuwa mlangoni, umefungwa nusu. Kila alipopita, Mzee Chirau aliusogeza ndani kidogo kwa mguu.

"Babu, laptopu ndogo tu ya mitumba ingenitosha," Cynthia alisema.

"Laptopu ni kitu cha kubebwa, mke wangu." Kwao babu humwita mjukuu mke, na Dama humwita mke mwenza. "Mimi nitakununulia inayokaa."

"Basi iwe na RAM ya nane na diski ya SSD. Bila hivyo itatambaa kama kobe."

"Nane na SSD," akarudia mzee, kama mtu anayetumwa chumvi na viberiti.

Akaenda Ukunda kwa Mangi. Mangi anauza kompyuta za mitumba, pasi, redio na chochote chenye waya. Tena ni mkoi wake, kwa maana mama yake Mangi ni shangazi yake Chirau, na wakoi kwao ni watani tangu tumboni. Mkoi akikufanyia kisa, huna ruhusa ya kukasirika. Unayo ruhusa ya kulipiza.

"Karibu, marehemu," alisema Mangi. "Nilisikia ulikufa."

"Nilikufa, nikaona uko huko mlangoni unauza tiketi, nikarudi. Nataka kompyuta. Nane na SSD."

Mangi, haki yake apewe, alianza kwa ukweli. Alimwekea sanduku moja jeusi juu ya meza. "Hii ndiyo. RAM nane, na hii SSD ni diski ya kisasa, haina kitu kinachozunguka ndani."

Chirau akaliinua. Likainuka upesi mno. Akaligonga ubavuni, akasikiliza, akalirudisha mezani kwa upole kama anayemrudishia mtu mtoto asiye wake.

"Hii ni joya," alisema. Joya ni nazi iliyoharibika ndani, nyepesi, haitoi tui wala mafuta. "Nipe yenye kitu."

"Mkoi, kompyuta haipimwi kwa uzito."

"Hivyo ndivyo husema mwenye joya."

Mangi akaliondoa lile jeusi mezani. Kisha uso wake ukaingia heshima, na hapo ndipo Chirau alipopaswa kukimbia. "Unajua," alisema Mangi, "ipo nyingine huko nyuma. Nzito. Nilikuwa nimemwekea mtu wa hoteli. Hebu kanywe kahawa, niipanguse vumbi."

Chirau akanywa kahawa, na kashata juu yake. Aliporudi akaliinua sanduku la pili, na magoti yakamwitikia. Aligonga: *du*. Hapakuwa na mwangwi. Nazi pevu kabisa. Akalipa pesa za nazi za msimu mzima, akalifunga sanduku nyuma ya bodaboda pamoja na kioo chake, akaenda zake akipiga mluzi.

Nyumbani Cynthia aliliwasha. Likavuma, likawaza, likavuma tena. Chai ikachemka, ikanyweka, nalo bado linawaza.

"Babu, hii ni RAM mbili," alisema. Akaazima bisibisi, akafungua ubavu. Ndani mlikuwa na kiota cha nyigu cha udongo, na chini yake nusu ya tofali, imefungwa waya vizuri isichezecheze.

Dama alicheka hata akashika ukuta. "Mume wangu, wenzio hununua kompyuta, wewe umeanza nyumba."

Cynthia hakucheka. Aliweka bisibisi chini, akauendea mkoba wake, akaanza kukunja kanga zake moja moja. Ilikuwa Ijumaa. Mzee Chirau akazitazama zile kanga, akalitazama lile tofali.

Jumamosi, maduka ya Ukunda yakifunguliwa, alikuwa tayari ametandika jamvi mbele ya mlango wa Mangi. Juu yake amelaza kitu kidogo kimeviringishwa kitambaa cheupe, naye ameketi kando, shuka kichwani, analia kwa sauti ya taratibu kama mtu anayejua kilio ni cha siku nzima. Sanduku lile zito liko nyuma yake.

Wa kwanza kusimama alikuwa Muthoka, mwenye duka la viatu jirani, mtu wa bara. "Mzee, pole sana. Kwani ni nani ame-pass?"

"Ni wa Mangi," alisema Chirau, akifuta macho. "Alimficha. Sisi jamaa tumejua jana tu."

"Wa Mangi? Na venye hajasema kitu!" Muthoka akavua kofia, akaketi kwenye ukingo wa jamvi.

Akaja mama wa maandazi, akaja mwenye bodaboda, wakaja wapita njia wawili waliodhani ni mtoto mchanga. Kila aliyefika alitoa pole kwa Mangi dirishani, na Mangi, aliyejifanya anachomelea waya, alizidi kuinamisha kichwa. Mteja aliyekuja kununua pasi aliona aibu kununua pasi msibani, akaenda zake.

"Na kahawa ya waombolezaji je?" aliuliza Chirau kwa unyonge. "Hapa pana wazee."

Mangi akatoka, midomo ameibana kuzuia kicheko. "Mkoi, unataka nini uondoke?"

"Nane na SSD."

"Nilikuonyesha ukakataa! Basi chukua lile jeusi, uniachie hili."

"Joya silitaki. Toa yaliyomo mle, uyatie humu mwangu."

"Kwa nini sasa? Si ni kitu kimoja?"

"Leteni jembe," Chirau aliwaambia wenzake wa jamvini. "Tutamzika hapa hapa mlangoni."

Mangi akainua mikono. Mtani aliyelia mlangoni pako hukombolewa kwa kupewa anachotaka, na kila aliyekuwa pale alilijua hilo isipokuwa Muthoka, aliyekuwa ameanza kuchanga. Mangi akalifungua lile jeusi mbele ya halaiki, akatoa kibao cha RAM na diski, akavitia katika lile zito, akaondoa na udongo wa nyigu. Kitambaa kilipofunuliwa tofali likaonekana, na mama wa maandazi akacheka hata beseni likamponyoka.

Jumatatu Cynthia alifanya jaribio, akafaulu. Mkoba ukarudi uvunguni. Tangu siku ile alikuwa akikaa sebuleni na vidude masikioni, akiandika, na mzee akitoka mashambani humletea dafu. Wageni huwaambia wajaribu kuliinua sanduku, ambalo amelirudishia tofali lake, afurahi wakishindwa.

Usiku wa mshahara wa pili, wakila wali wa nazi, Cynthia alisema ameanza kuweka akiba. Anataka laptopu. Nyepesi, alisema, ya kutia mkobani.

Dama akashughulika na sufuria. Mzee Chirau alimeza tonge lake, akapangusa vidole, akauliza kwa sauti ile ile anayoulizia bei ya nazi:

"Ya kuibeba uende nayo wapi, mke wangu?"