Vidonge Alivyonipa Dada

Mwaka aliofariki mama niliacha kulala. Sisemi nililala kidogo. Niliweza kumaliza siku tatu nikisinzia dakika chache chache tu, na mchana nikisimama mbele ya darasa la nne moyo ulinienda mbio mpaka chaki inaniponyoka. Siku moja nilitoka darasani katikati ya hesabu za kugawanya, nikaenda kukaa nyuma ya jengo, nikihema kama mtu aliyefukuzwa.

Kwetu Kyela salamu ya asubuhi ni ugonile, yaani, umelala? Watu huitoa bila kufikiri. Mwaka ule kila aliyenisalimia niliona ananihoji.

Dada yangu ni muuguzi kwenye zahanati ya kijijini kwetu. Amenizidi miaka kumi na mmoja, na mama alipozikwa ndiye aliyebaki kuwa mama. Jioni moja alikuja nyumbani na bahasha ndogo ya dawa, akaniketisha.

"Hizi ni dawa za akili," akasema. "Si za kuchezea. Kimoja kila siku, ukishakula chakula cha jioni. Usitafune, wala usinywe na kahawa. Vitakukausha mdomo, na asubuhi utasikia kizunguzungu, kwa hiyo usiinuke haraka."

"Sitavizoea nikashindwa kuviacha?"

"Mimi nipo. Nitakuachisha polepole."

Mume wangu alikuwa amekaa hapohapo, anachambua mchele kwenye ungo. Dada akamgeukia. "Shemeji, asubuhi umshike mkono anapoinuka." Mume wangu akaitikia.

Vilikuwa vidonge vyeupe, vyenye mstari katikati. Siku ya tatu nililala saa sita mfululizo. Wiki ya pili nikaanza kula, nikarudi kuimba kwaya. Mdomo ulikauka kweli, nikawa naingia darasani na chupa ya maji. Na kizunguzungu kilikuja kama alivyosema. Kila asubuhi niliketi ukingoni mwa kitanda, mume wangu akanishika kiwiko, akanisubiri, kisha akanisindikiza hadi mlangoni. Nilimwambia pole kwa usumbufu. Alinijibu, "Dawa hizi kali kweli." Ilikuwa hivyo miezi mitano, na zile asubuhi nilizipenda kuliko nilivyokuwa tayari kukiri.

Kisha dada akaenda Mbeya kwenye mafunzo, na vidonge vikakaribia kwisha. Niliogopa kukatisha dawa ya akili ghafla. Nikafunga kidonge kimoja kwenye karatasi, nikapanda bodaboda hadi Ipinda, kwenye duka la dawa. Muuzaji, mama mmoja wa makamo, alikipokea, akakigeuzageuza, akashusha kopo kutoka kwenye rafu na kumimina kidonge kingine kando yake juu ya kaunta. Vilifanana kwa kila kitu, hata ule mstari.

"Mwalimu, una ujauzito?"

"Hapana."

"Nauliza kwa sababu hii ni kalsiamu. Tunawapa wajawazito, ya mifupa."

"Hapana, mama. Hii ni dawa ya akili. Asubuhi inanipa kizunguzungu."

Alinitazama kidogo, akashusha sauti. "Hii haimpi mtu kizunguzungu, mwalimu."

Nilimpigia dada simu nikiwa nje ya duka, kando ya wanawake waliokuwa wakipima mchele.

"Dada, ulinipa nini?"

Nilisikia akifunga mlango. Kisha akauliza, "Nani amekuambia?"

"Ni kalsiamu?"

"Ulilala au hukulala?"

"Nimekuuliza."

"Ni kalsiamu," akasema. "Nilikuona unakwisha. Zahanati haina dawa za akili, wala mimi sina ruhusa ya kuziandika. Hospitali ya Kyela ulikataa, ukasema watu watakuona unaingia kwa wagonjwa wa akili. Ningefanya nini?"

"Ungeniambia."

"Ningekuambia, zisingefanya kazi."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyonikasirisha zaidi. Nilikata simu.

Nyumbani nilimkuta mume wangu akigeuza kokoa kwenye jamvi. Nikamuuliza kama alijua. Aliendelea kugeuza.

"Dada yako alinieleza siku ileile, nilipomsindikiza."

"Na kila asubuhi ukanishika mkono."

"Ulikuwa unayumba. Ningekuacha uanguke?"

Ni kweli nilikuwa nikiyumba. Lakini nilikuwa nimemwambia pole miezi mitano, na miezi mitano alikuwa akiipokea.

Usingizi uliondoka siku hiyohiyo. Kizunguzungu nacho kiliondoka. Asubuhi yake niliinuka mara moja, nikasimama imara katikati ya chumba, mume wangu akinyoosha mkono nisiouhitaji. Niliona aibu kama mtu aliyekamatwa akijifanya kiwete, na wakati wote ule sikuwa nimejifanya.

Baada ya wiki mbili nilienda mwenyewe hospitali ya Kyela. Daktari alikuwa kijana aliyehamishiwa huku kutoka mkoa mwingine. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka, akaniandikia dawa. Nilimwomba anionyeshe kopo na kunisomea jina lake, akafanya hivyo.

"Ya kweli hii?"

"Ya kweli. Lakini itachukua wiki kadhaa."

"Ile ya uongo ilichukua siku tatu."

Alitabasamu kidogo. Akasema hata dawa ya kweli huhitaji mgonjwa aiamini, na kwamba kile nilichopata kwa kalsiamu kilitoka mwilini mwangu mwenyewe, hakikuwa cha kubuni. "Ile imani siwezi kukuandikia," akasema. "Meza tu. Tutaona."

Nilimeza huku nikiivizia dawa, nikisubiri initapeli. Ilifanya kazi, polepole. Sasa nalala kwa saa nne kila usiku, pengine tano. Sijawahi tena kulala kama nilivyolala kwa kalsiamu.

Dada alikuja wakati wa mavuno ya mpunga, akafunga kanga kiunoni na kushinda shambani nasi. Tulipokaa kupumzika alisema, "Nisamehe kwa kukudanganya. Kwa ule usingizi siombi msamaha." Nilimwambia ndaga, asante, kwa sababu alikuwa amenisaidia kuvuna. Habari ya msamaha niliiacha. Tunasalimiana, tunakula pamoja, na watoto wangu wanampenda kama zamani.

Mwezi uliopita mwanangu mdogo alipata homa. Nilimbeba, nikaita bodaboda ya kwenda kituo cha afya cha Ipinda, na njia inapita mbele ya zahanati. Dada alikuwa nje anaanika mashuka. Dereva akapunguza mwendo ili tusalimiane.

"Mnampeleka wapi?"

"Ipinda," nikasema. "Ana homa."

Aliutazama mlango wa zahanati, uliokuwa wazi, kisha akamtazama mtoto. Akageukia mashuka yake. Nikamgusa dereva begani, tukaondoka.