Mjini Hapapigwi Kelele

Oteng alipopata kazi ya kuandika programu za kompyuta likizo ile ya msimu wa joto, bosi wake, Rra, yaani Bwana, Mokgwathi, alimpa sharti moja tu: asitoke Gaborone.

"Mwaka jana kijana mmoja alinitorokea akaenda shambani kwao," alisema. "Mtandao ukakatika, mteja akanifokea kama mtoto. Wewe fanyia kazi chumbani kwako, mimi sina neno, ila uwe mjini. Ukimaliza likizo vizuri, chuo kikiisha una mahali pa kuja."

"Ndiyo, rra," Oteng akajibu, na wakati ule hakuwa anadanganya.

Kisha shangazi yake aliyekuwa akilima na bibi akavunjika kifundo cha mguu. Nkuku, bibi yake, akabaki peke yake shambani nje ya Thamaga, na mtama wa mvua za kwanza ulikuwa unaingia maziwa, punje zikiwa bado laini, yaani ule hasa wanaoupenda ndege waitwao kweleakwelea. Angefanyaje? Akatia kompyuta begini, akaazima betri ya jua kwa rafiki, akaenda. Bosi hakuambiwa kitu.

Alfajiri waliamia ndege pamoja, wakiwafukuza kwenye mtama, yeye upande huu na Nkuku upande ule, kila mtu na debe lake na sauti yake. Jua likipanda, Oteng alijifungia kibandani, akakaa akiegemea ukuta uliopakwa chokaa ili kamera isione kingine, akaendelea na programu ya kukatia tiketi za mabasi. Programu hiyo ilikuwa na ugonjwa: mara mojamoja kiti kimoja kiliuzwa kwa abiria wawili. Ukiitazama, inatulia. Ukigeuka, inauza tena.

Mawazo yalimjia mengi humo ndani. Aliona kwamba kazi zake zote mbili zina ubaya mmoja, kuwa ukizifanya vizuri hakuna kinachoonekana. Abiria anakaa kwenye kiti chake, suke linabaki na punje zake, na hakuna anayeuliza ni nani alikuwa macho.

Nkuku yeye hakushawishika kuwa hiyo ni kazi.

"Umekaa tangu asubuhi," alimwambia akimpa bogobe, ule ugali wa mtama, na maziwa ya mgando. "Hao watu wanakulipa kwa kukaa?"

"Kwa kufikiri, Nkuku."

"Hata mimi nafikiri. Sijaona mtu akileta mshahara."

Shida ilikuwa kile kikao cha kila asubuhi, wafanyakazi wote wakiongea na bosi kupitia kompyuta. Oteng alimwomba bibi yake kwa upole.

"Nikiwa naongea na ofisi, kusiwe na kelele karibu na kibanda. Wakijua niko shambani, kazi imekwenda."

"Kwani umewaambia uko wapi?"

"Mjini."

Nkuku alimtazama, akachukua debe lake. "Ee. Basi tuko mjini."

Tangu siku hiyo akawa anamtania kila asubuhi. "Mjini hawajambo?" anauliza, halafu anakwenda zake kule mwisho wa shamba, na sauti yake inamfikia Oteng kwa mbali tu. Vikao vilipita salama, na bosi akaanza kumsifu.

Siku aliyoushika ule ugonjwa wa programu, Oteng alitoka nje akiwa na furaha isiyo na mtu wa kumweleza. Alizunguka nyuma ya kibanda, mahali asipopita, akavuta suke la mtama atafune punje changa. Lilikuwa makapi matupu. Akavuta la pili, nalo makapi. Mistari yote ya karibu na kibanda ilikuwa imesimama vizuri, mirefu na ya kijani, na haina kitu.

"Nkuku," aliita. "Huku kumetokea nini?"

Nkuku alikuja taratibu, akijifuta jasho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Huko ni mjini," alisema. "Mjini hapapigwi kelele."

"Si ungeniambia?"

"Nikwambie nini? Uliniomba. Nami nataka wakuajiri."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomuumiza Oteng. Angemtukana, ingekuwa nafuu. Alisimama pale ameshika suke tupu, akaona aibu hata ya kuomba radhi.

Kesho yake kikao kilipoanza, alifungua mlango wa kibanda na kuuacha wazi.

"Rra, kabla hatujaendelea," alisema. "Mimi siko mjini. Niko shambani kwa bibi yangu, nimekuwa huku karibu likizo yote. Nilikudanganya."

Rra Mokgwathi alivua miwani, akaiweka mezani. Hapo ndege walianza kusikika wakitua nyuma ya kibanda, kundi zima, na kelele zao zikajaa kwenye kompyuta.

"Ni nini hiyo?" bosi akauliza.

"Ndege, rra. Wanakula mtama."

"Na huyo bibi yako yuko wapi?"

Oteng alitazama nje. Nkuku alikuwa amesimama hatua chache kutoka mlangoni, debe mkononi, fimbo imeinuliwa, amefunga mdomo, akimngojea amalize kuongea.

"Yupo hapa. Nilimwambia asipige kelele nikiwa nanyi."

Bosi alivaa tena miwani. "Kunidanganya, hilo tutalizungumza Ijumaa, wewe na mimi," alisema. "Sasa hivi mwambie apige."