Kipimo cha Bi Jicho

Fundi cherehani wa uchochoro wa nyuma ya soko hakutumia futi kamba. Alimtazama mteja mara moja, toka mabegani hadi kwenye vifundo, akakata kitambaa, na nguo ikakaa. Ndiyo maana wakamwita Bi Jicho, na sifa zikampanda kichwani.

Kisukari alikuwa nacho tangu usichana, nacho akakipima vilevile, kwa jicho. Akijisikia mzima, sukari iko sawa. Akiona kiu, imepanda. Kutoboa kidole kupima damu aliwaachia wasioijua miili yao. Mimba ya kwanza ilipoingia, tumbo likafura upesi, na mama mkwe akazunguka mtaa mzima akijigamba kwamba mjukuu wake ni pande la mtu. Pande lilikuwa pande kweli. Mabega yakakwama njiani, na mtoto alipotoka hakuwa na pumzi. Wanawake waliokuja kusifia kilo wakabaki kuomboleza sakafuni, na Bi Jicho akalia mpaka sauti ikamkauka.

Mkunga hakumbembeleza. Alimweleza kwamba sukari ya mama ikizidi humnenepesha mtoto kupita kiasi. Tena ikiwa juu wiki zile za mwanzo, kabla mama mwenyewe hajajua ana mimba, moyo au uti wa mgongo wa mtoto huweza kuumbika vibaya.

"Mimba ijayo ianzie hapa kliniki, siyo kitandani," akasema. "Na hilo jicho lako liache cherehanini."

Basi mume, ambaye hakuamini uzazi wa mpango wowote zaidi ya mlango uliofungwa, akahamishiwa kwenye kochi mpaka sukari itulie. Bi Jicho, aliyechomwa na sindano za cherehani tangu utotoni bila kusema aa, sasa alifumba macho kila alipotoboa kidole, na wateja wakamcheka waziwazi. Mama mkwe alileta uji uliokolea sukari, eti wa kutayarisha tumbo. Bi Jicho alishukuru kwa adabu zote, kisha akampa mume, maana kwenye kochi mtu huhitaji faraja. Sukari ikashuka, ikatulia, mkunga akaridhika, na mlango ukafunguliwa.

Mimba ya pili aliipima kwa damu, asubuhi na jioni, na insulini akajichoma bila kuruka. Ila nguo za mtoto alizikata kwa jicho lilelile, na jicho lilikuwa na hofu. Kila usiku lilimwona yule wa kwanza.

Mtoto alizaliwa na kilo tatu. Wauguzi walimpima sukari kisiginoni, wakamrudisha kifuani kwa mama. Kivazi kikammeza, mikono ya nguo ikavuka vidole, shingo ikateleza hadi begani. Bi Jicho hakuwahi kukosea namna hiyo.

Mama mkwe aliinama, akakunja uso. "Mbona kadogo hivi?"

"Kadogo, mama," Bi Jicho akajibu, "lakini kanalia."

Mama mkwe akasikiliza. Kisha akaketi kando ya kitanda, akaanza kumkunjia mjukuu mikono ya nguo, taratibu, mpaka vidole vikaonekana.