Mshika Farasi Wanne

Ijumaa ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu nilifika kazini nikipiga mluzi. Ilikuwa miaka ya elfu mbili na kitu, nami kijana, nikimtunza mzee mmoja Mmarekani kule Marekani, mji wa Rockville. Alikuwa amepita miaka tisini na tano, na ujanani alikuwa askari wa farasi. Kila asubuhi nilimhesabia vidonge mara mbili, naye akavihesabu mara ya tatu, akisema nina macho ya mchuuzi. Hakukosea. Nairobi niliuza mitumba, na mpaka leo mwenye duka akinitajia bei ya viatu namuuliza kama hiyo ni ya mguu mmoja.

Nilikokuwa nikiishi, mji wa jirani wa Laurel, tulikuwa majirani wanne tunaosomea uuguzi. Watoto wetu jumla walikuwa saba; hao pia niliwahesabu mara mbili. Kila Jumamosi mmoja wetu alibaki nao ili watatu waende masomoni au kazini. Kesho yake ilikuwa zamu yangu, na ndiyo siku ambayo Mama Neema, dada wa Kitanzania wa ghorofa ya chini, alikuwa na mtihani wa leseni. Alishaanguka mara moja, na hospitali iliyomwahidi kazi ingemngoja mwezi ule tu. Lakini mimi nilikuwa na marudio ya somo la dawa, na sikutaka kuyakosa. Asubuhi ile ya Ijumaa, kabla ya kwenda kazini, nikamwambia achukue zamu yangu, nami nitamlipa tatu za baadaye.

"Kaka, tatu za baadaye zitanisaidia nini kesho?"

"Basi nne."

Akanitazama, akasema atatafuta mtu. Wawili waliobaki walikuwa na kazi Jumamosi hiyo. Sote tulijua hakuna mtu.

Hayo ndiyo niliyomsimulia mzee kwa majivuno, nikimwonyesha ninavyojua kujadiliana. Akaweka kikombe chini.

"Unajua tulivyopigana sisi?"

"Mlitimua mbio na farasi, panga juu."

"Hayo ni ya kwenye picha. Bunduki za rashasha zilishaumaliza mchezo huo. Farasi alikuwa miguu yetu tu. Anakufikisha upesi, unashuka, unalala kwenye matope na kupiga risasi kama askari mwingine yeyote. Sasa wewe mfanyabiashara, niambie, farasi wanabaki na nani?"

"Mnawafunga mtini."

"Tulihesabu moja mpaka nne. Wa nne hapigani. Anakaa nyuma ya kilima na hatamu za farasi wanne, anasukumwa na kukanyagwa. Siku moja ya mazoezi nilitokea kuwa wa nne, nikamhonga mwenzangu tumbaku tubadilishane. Kumbe anaogopa farasi! Mlio wa kwanza tu, akaziachia hatamu. Tulitembea kutwa kurudi kambini, tukawakuta wale farasi wameshafika, wanakula."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

"Sajenti wetu alikuwa ameona vita vya kweli. Aliniambia, leo umepata malengelenge; kule, farasi wakipotea, harudi mtu. Haya kijana, kesho wewe ni wa ngapi?"

Nikahesabu. Nikahesabu tena. Wa nne.

Jioni nikagonga mlango wa Mama Neema.

"Nenda kwenye mtihani. Watoto nitabaki nao."

"Kwa masharti gani?"

"Hakuna."

Akanigusa paji la uso. "Kaka, unaumwa?"

Jumamosi hiyo niliwafunga watoto kamba za kanzu za kuogea, zikawa hatamu, tukakimbia kwenye nyasi nyuma ya jengo. Niliwaamrisha kwa Kiswahili, wakanijibu kwa Kiingereza, lakini kwa kulia kama farasi tulielewana. Adhuhuri nikahesabu: saba. Nikahesabu tena: wanane! Msichana wa Kikongo wa ghorofa ya tatu alikuwa amesikia kuna farasi, akashuka na kamba yake.

Mama Neema alifaulu. Pilau iliyopikwa siku matokeo yalipotoka ilinitosha mimi peke yangu sahani tatu, na hizo nazo nilizihesabu. Siku ya mtihani wangu, aliyebaki na watoto alikuwa yeye. Wala hakuniuliza nitampa nini.

Mzee naye, Jumatatu baada ya zamu ile, nilimpelekea habari nikiwa bado mlangoni. Swali lake lilikuwa moja tu.

"Farasi wote walirudi?"

"Wote saba, na mmoja wa ziada."

"Hiyo ndiyo biashara," akasema, akanyoosha mkono apewe vidonge avihesabu.

Kwa hiyo, mwanangu, jadiliana kwa kila kitu kwenye dunia hii, hata bei ya nyanya iliyopondeka. Ila zamu yako ya kubaki nyuma ikifika, usiiuze. Anayebaki ndiye anayewawezesha wengine kwenda na kurudi, na siku yako ya kwenda ipo. Mungu akujalie watu wa kukushikia hatamu, na moyo wa kuwashikia wao. Na kila jioni ukihesabu walio wako, ukahesabu tena, azidi mmoja.