Kadi Mbili Katika Nira Moja

Nakumbuka Jumatatu moja Nekesa alipoingia kibandani kwangu Busia, upande wa Uganda, akaitua mezani kompyuta yake ya gemu.

"Kaka, imeanza tena. Nacheza vizuri, ghafla skrini inakuwa bluu, inajizima. Na Jumamosi nina fainali Tororo."

"Alhamisi itakuwa imepona," nikasema. Neno "sijui" nililimeza.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii, niwie radhi kukuita hivyo. Sina hata miaka thelathini. Ila ufundi huu nilijifundisha mwenyewe, na aliyetangulia kuungua vidole ni mzee wa anayemfuata.

Nilifuta programu zote nikapakia upya, mara tatu. Nikapangusa vumbi la malori kwa brashi ya rangi hadi feni zikang'aa. Kitu kimoja tu nilikigusa kwa woga: kadi za RAM, zile za kumbukumbu ya mashine. Mwezi uliotangulia mimi mwenyewe nilimwongezea ya pili ili mashine iwe na kasi. Ya kwanza ilitoka Kenya, ya pili niliipata huku, maana sisi wa mpakani hununua upande unaotufaa siku hiyo. Nikazipima moja moja, kila moja siku nzima. Zote safi. Nikamshukuru Mungu kwamba kosa si langu, nikazirudisha zote mbili, nikaiwasha nusu saa tu.

"Imepona?" Nekesa akauliza Alhamisi.

"Imepona."

Jumamosi nilikuwa ukumbini Tororo. Nekesa akiwa anaongoza, dakika chache kabla ya mwisho, skrini ikawa bluu mbele ya ukumbi mzima. Watu wakacheka. Nekesa aligeuka akanitafuta kwa macho, nami nikainama kama ninayefunga kamba za viatu.

Nilimpelekea mashine Mzee Owere aitazame, fundi wa redio wa kibanda jirani, ambaye pia ni mkulima huko Mella. Akazitoa kadi, akazigeuzageuza.

"Hii ya wapi?"

"Kenya."

"Na hii?"

"Ya huku. Nilizipima moja moja, mzee. Zote nzima."

Akacheka kidogo. "Mimi iko na ng'ombe mbili. Kila moja peke yake, mpole kabisa. Funga pamoja kwa plau: moja nakimbia, ingine nalala, shamba naharibika. Hii kadi mwendo yao si moja." Kisha akanitazama. "Lakini kijana, wewe naogopa kompyuta, ama naogopa huyo dada?"

Nikaivuta mashine kwangu. Niliitoa ile kadi niliyoiongeza, mashine ikafanya kazi siku tatu bila kujizima. Nikampelekea Nekesa, nikamweleza yote.

"Ungeniambia Alhamisi huna hakika, ningeazima ya binamu yangu," akasema. "Kushindwa na yule mpinzani wangu wa Malaba ningevumilia, Kaka. Mimi nimeshindwa na fundi wangu."

Mwanangu, mficha maradhi kifo humuumbua. Anza kupekua pale mkono wako ulipopita mwisho, hata kama hapo ndipo panapokutia aibu. Badilisha kitu kimoja, ungoje, utazame. Vinavyofanya kazi pamoja, vipime pamoja. Na usipojua, sema mapema, mwenye mashine angali na siku za kutafuta nyingine. Neno "sijui" bado hunitoka kwa shida, na nimechoka kulimeza.

Mungu aibariki mikono yako, akupe utulivu ambao mimi bado nautafuta, na ulimi usioona haya kusema: bado sijajua.